Jinsi ya kupima chuo kipi kiongezwe kwenye konferensi ya michezo Marekani: mwongozo kamili

Konferensi ya vyuo ya Marekani ikitikisika, orodha za vyuo "vinavyofaa kuongezwa" humiminika mitandaoni. Nyingi zina kosa moja. Mwandishi amefungua ramani, akachagua majina makubwa yaliyo karibu, akapanga kwa makombe. Kisha konferensi inachukua chuo ambacho hakikuwamo, na kila mtu anashangaa.

Swali la "chuo gani ni bora" halikufikishi mbali. Wakuu wa vyuo wanaopiga kura wanajiuliza jambo jingine: huyu akiingia, mgawo wangu wa fedha za televisheni unapanda au unashuka, na je, anaweza kuhama kabla ya tarehe ninayoihitaji? Hatua zilizopo hapa zote zinajibu swali hilo.

Kwa aliye mgeni: konferensi ni umoja wa vyuo wenye ligi yake, katiba yake na mkataba wake wa televisheni. Futiboli tunayoitaja hapa ni ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya fedha, kwa hiyo ndiyo inayoamua mengi. Mfano wetu mkuu ni Pac-12, iliyobakiwa na Oregon State na Washington State peke yao baada ya vyuo 10 kuondoka mwaka 2024, na ikalazimika kujijenga upya kwa ajili ya msimu wa 2026.

## Andaa hivi kwanza

- Jedwali la Excel, chuo kimoja kwa kila mstari. Anza na vyuo 10 hadi 15. Ukizidisha hapo hutamaliza.
- Takwimu za watazamaji wa televisheni kwa kila mechi ya futiboli, misimu mitatu hadi mitano, zikiwa na safu ya chaneli na safu ya saa.
- Masharti ya kujitoa ya konferensi ambako kila chuo kipo sasa: ada, muda wa taarifa, na tarehe ambayo ada inapanda.
- Masharti ya mkataba wa televisheni wa konferensi yako, hasa unasemaje kuhusu wanachama wapya.
- Bajeti ya idara ya michezo ya kila chuo. Vyuo vya serikali huweka hesabu zake wazi. Vya binafsi utapata kidogo.
- Orodha ya michezo yote ambayo chuo kinashiriki, wanaume na wanawake.
- Idadi ya kura zinazotakiwa ili mwanachama mpya apite.

Ukikosa takwimu za watazamaji au masharti ya kujitoa, usianze. Vingine unaweza kuvijaza baadaye.

## Hatua ya 1: Pima pengo kabla ya kutafuta wa kuliziba

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka konferensi ya daraja la juu la futiboli iwe na wanachama wasiopungua 8, na ikipungukiwa inapewa miaka miwili ya kujirekebisha. Pac-12 ilikuwa na 2. Mwezi Septemba 2024 ilichukua kutoka konferensi ya Mountain West vyuo vya Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State, ikafika 7. Gonzaga ilijiunga Oktoba, lakini haina timu ya futiboli, kwa hiyo kwa hesabu hii haimo. Pengo likabaki moja, na tarehe ya mwisho ikawa inajulikana na kila mtu mezani.

Andika juu ya jedwali sentensi moja tu, kwa mfano: "Tunahitaji chuo 1 chenye futiboli, kabla ya Julai 2026." Konferensi yenye pengo la lazima hukubali chuo ambacho konferensi iliyoshiba ingekikataa bila hata kufungua barua.

Kisha angalia ratiba. Zidisha idadi ya timu kwa mechi za ndani za kila timu. Jibu lazima ligawanyike kwa 2, kwa sababu kila mechi inahesabiwa na timu mbili. Konferensi ya ACC ina timu 17 za futiboli. Kwa mechi 8 kila moja, 17 × 8 = 136, sawa na mechi 68. Ilipoamua kwenda mechi 9, 17 × 9 = 153, na mechi nusu haichezeki. Ndiyo maana kila mwaka timu moja lazima ibaki na mechi 8 za ndani. Hesabu ya darasa la nne hii, lakini orodha nyingi za mitandaoni huikosa.

Timu 8 zikikutana zote mara moja, kila moja inapata mechi 7 kati ya 12 za msimu. Zile 5 lazima zitafutwe nje, na kutafuta mechi kwa kuchelewa ni ghali.

## Hatua ya 2: Futa wasioweza kuhama

Fanya hivi mapema. Itakuokoa siku nzima ya kupima vyuo visivyopatikana.

Kuna minyororo miwili. Wa kwanza ni ada ya kujitoa. Wa pili ni hati ya kukabidhi haki za matangazo: chuo kimeipa konferensi haki ya kuonyesha mechi zake za nyumbani hadi mwaka fulani, hata kama chuo chenyewe kitakuwa kimeondoka. Huu wa pili ndio mzito, kwa sababu anayekuchukua anapata timu isiyo na picha ya kuuza.

Texas na Oklahoma zililipa jumla ya dola milioni 100 ili kutoka konferensi ya Big 12 mwaka mmoja mapema na kuingia ile ya SEC Julai 2024. Ndani ya ACC, makubaliano ya Machi 2025 yaliyomaliza kesi za Florida State na Clemson yaliweka gharama ya kutoka inayoanzia dola milioni 165 na kupungua kwa milioni 18 kila mwaka hadi kufikia milioni 75 katika mwaka wa 2030-31. Ukiona mtu anahamisha Clemson mwaka kesho, muulize nani anailipa hiyo tofauti.

Tarehe ni muhimu kama kiasi chenyewe. Ada ya Mountain West hupanda sana taarifa isipotolewa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Juni 2023 San Diego State iliandikia konferensi yake barua ya kuomba muda zaidi, ikitegemea mwaliko wa Pac-12. Mountain West ikaichukua barua kuwa ni taarifa ya kujitoa. Mwaliko haukuja, Pac-12 ikasambaratika mwezi Agosti, na chuo kikabaki kikibishana na konferensi yake kuhusu fedha zilizozuiwa.

Upande wa pili, Texas State ilitangaza kuingia Pac-12 tarehe 30 Juni 2025. Ada yake ya kutoka konferensi ya Sun Belt ilikuwa dola milioni 5, na kuanzia siku iliyofuata ingekuwa milioni 10.

Tahadhari: mikataba mingine ina adhabu kwa anayechukua, mbali na ada ya anayeondoka. Pac-12 ilisaini na Mountain West mkataba wa mechi za msimu wa 2024 wenye kifungu kama hicho: dola milioni 10 kwa chuo cha kwanza, na nusu milioni zaidi kwa kila kinachofuata. Vyuo vitano ni 10 + 10.5 + 11 + 11.5 + 12, jumla milioni 55. Pac-12 ilikwenda mahakamani kupinga kifungu hicho. Kwenye jedwali, kiweke kama gharama mpaka mahakama au suluhu ikiondoe.

Ukimaliza hatua hii, karibu nusu ya mistari itakuwa na alama nyekundu. Kama hakuna hata mmoja uliofutika, hukusoma masharti.

## Hatua ya 3: Hesabu watazamaji, usihesabu wakazi

Hapa ndipo wengi huzama, kwa hiyo twende polepole.

Zamani hoja ya "mji mkubwa" ilikuwa na maana. Konferensi ya Big Ten ilipochukua vyuo vya Rutgers na Maryland mwaka 2014, ililenga nyumba za New York na Washington zilizokuwa zikilipia king'amuzi. Chaneli ya Big Ten ikiingia kwenye kifurushi cha eneo hilo, kila nyumba ililipa senti zake kila mwezi, iwe inatazama mpira au haitazami. Mfumo huo unanyauka kadiri watu wanavyoacha vifurushi na kuhamia intaneti. Anayelipa sasa anataka mtu aliyekaa mbele ya kioo, si mtu aliyezaliwa karibu na uwanja.

Fanya hivi:

1. Tenganisha mechi kwa chaneli. Mechi ya ABC Jumamosi usiku na mechi ya chaneli ndogo mchana hazilinganishwi. Linganisha mechi za chaneli moja na saa zinazokaribiana.
2. Toa mechi dhidi ya vigogo. Chuo kidogo kikicheza na Ohio State, watazamaji ni wa Ohio State.
3. Tumia namba ya katikati badala ya wastani. Panga mechi kutoka ndogo hadi kubwa, chukua iliyo katikati. Usiku mmoja wa bahati hubeba wastani mabegani kwa misimu miwili.
4. Kwa konferensi kubwa, hesabu pia mechi zilizozidi watazamaji milioni 4. Kwa konferensi za chini, milioni 1 ni kipimo kizuri.

Mitego miwili. Mechi nyingi za Pac-12 ya zamani zilionyeshwa kwenye chaneli yake yenyewe, ambayo haikupata nafasi kwenye televisheni ya setilaiti ya DirecTV tangu ilipoanzishwa mwaka 2012 na haikuwa na takwimu za kawaida za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji. Nafasi tupu hapo si sifuri, iache tupu. Pili, Nielsen ilibadili namna ya kupima kabla ya msimu wa 2025 kwa kuchanganya data za ving'amuzi na televisheni janja na ile sampuli yake ya nyumba. Ukilinganisha 2023 na 2025 moja kwa moja, utaona "ukuaji" ulioletwa na rula mpya. Linganisha vyuo ndani ya msimu mmoja, kisha tazama nafasi zao zinavyopanda na kushuka.

Umefanya sawasawa kama orodha yako imebadilika mpangilio. Kuna chuo cha mji mkubwa kitakachoporomoka, na kingine cha mji ambao hujawahi kuusikia kitakachopanda.

## Hatua ya 4: Mtihani wa mgawo

Tutumie namba za mfano. Konferensi ina vyuo 7, kila kimoja kinapata dola milioni 8 kwa mwaka. Jumla ni milioni 56. Kampuni ya televisheni inasema: mkimleta chuo X, tutalipa milioni 60.

Watu hushangilia zile milioni 4 za ziada. Gawa 60 kwa 8: kila mmoja anapata 7.5. Wanachama saba wa zamani wamepoteza nusu milioni kila mmoja ili kumkaribisha mgeni. X amefeli mtihani, ingawa fedha zimeongezeka.

Kuna njia tatu za kumwokoa.

Kifungu cha nyongeza sawia. Mkataba wa Big 12 wa mwaka 2022, wenye thamani ya dola bilioni 2.28 na unaokadiriwa kumpa kila mwanachama milioni 31.7 kwa mwaka, uliruhusu fungu kupanda kwa mgawo kamili iwapo atakayeingia anatoka konferensi kubwa. Hivyo Colorado, Arizona, Arizona State na Utah walipokuja, hakuna aliyepunguziwa. Chuo kutoka konferensi ndogo hakikuwa na kinga hiyo. Soma kifungu hiki kabla ya kufanya hesabu nyingine yoyote.

Mgeni kukubali pungufu. Kwa mfano wetu, X akipokea milioni 4 badala ya 7.5, wa zamani wanabaki na 8 zao. SMU, chuo cha Dallas, ilikwenda mbali zaidi: ilikubali kukaa miaka 9 bila mgawo wa televisheni ili kuingia ACC. Stanford na California (chuo cha Berkeley) zilikubali asilimia 30 ya mgawo kwa miaka saba ya mwanzo. Kampuni ya televisheni iliendelea kulipa kwa ajili ya wageni, na salio likagawanywa kwa waliokuwamo. Ukiuliza kwa nini ACC ilivuka bara kwenda pwani ya Pasifiki, jibu liko hapo.

Hasara ya kutomchukua. Konferensi iliyobaki na 7 inapozuiwa na sheria ya wanachama 8, X anapimwa na shimo lililo mbele. Zile milioni 8 za kila mwanachama si kipimo tena. Rudi kwenye sentensi ya hatua ya 1.

Ongeza safu ya fedha zisizo za televisheni. Kuanzia 2026 fedha za mchujo wa ubingwa wa futiboli zinagawanywa hivi: Big Ten asilimia 29, SEC 29, ACC 17, Big 12 asilimia 15, na wengine wanagawana kinachobaki. Chuo kinachoongeza nafasi yako ya kufika huko kina thamani hata kama watazamaji wake wa kawaida ni wachache.

## Hatua ya 5: Je, kina mifuko?

Chuo kinachokuja kwa mgawo pungufu lazima kiishi kwa kitu kingine. SMU ilikuwa na wafadhili matajiri wa Dallas. Msimu wake wa kwanza ACC, 2024, ilifika fainali ya konferensi, ikafungwa na Clemson 34-31, na bado ikaingia kwenye timu 12 za mchujo wa taifa, ambako Penn State iliichapa 38-10. Chuo kingine kikitia saini masharti kama hayo bila wafadhili wa aina hiyo, kitakuwa kinashika mkia kabla mgawo kamili haujafika.

Tangu suluhu ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA kuhusu malipo, ilipoidhinishwa Juni 2025, chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Mpe kila mgombea alama: anaweza kulipa kikomo chote, nusu, au kidogo? Kigezo hiki kinatabiri ushindi wa kesho vizuri kuliko makombe ya jana.

## Hatua ya 6: Hesabu safari kwa michezo yote

Timu ya futiboli husafiri mara tano au sita kwa msimu, mwisho wa wiki, kwa ndege ya kukodi. Haiteseki sana. Wanaoumia ni wavu, softiboli, besiboli na soka, wanaosafiri mara nyingi na kurudi darasani kesho yake. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, safari ya UCLA kwenda kwa Rutgers ndani ya konferensi moja, ni karibu kilomita 3,900 na tofauti ya saa tatu. Ni kama timu ya wavu itoke Mombasa ikacheze Cairo, kisha mtihani Jumatatu.

Tafuta jozi za safari: vyuo viwili vilivyo karibu ambavyo mgeni anaweza kuvitembelea kwa tiketi moja. Washington State iko Pullman, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano. Gonzaga iko Spokane, umbali wa kilomita 120 hivi. Timu ya kikapu inashuka Spokane, inacheza Alhamisi, inapanda basi, inacheza tena Jumamosi. Texas State, San Marcos, haina jirani wa namna hiyo ndani ya Pac-12. Hilo liandike kama gharama, usilifiche.

Hakikisha pia kwamba chuo kinashiriki michezo ambayo konferensi yako inaiendesha. Chuo cha daraja la juu la futiboli lazima kiwe na michezo isiyopungua 16. Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania, riadha ndiyo ya kuitazama hapa: Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, na Suleiman Nyambui alikuwa mkimbiaji wa UTEP, chuo kinachohamia Mountain West mwaka 2026. Kijana wenu mwenye ufadhili wa mbio kwenye chuo kinachohama atabadilishiwa ratiba na wapinzani, na hakuna atakayemuuliza.

## Hatua ya 7: Chuo kisicho na futiboli

Kipime kwa jedwali lake. Kila mechi ambayo timu ya kikapu inacheza kwenye mashindano ya taifa ya Machi, isipokuwa fainali, huiingizia konferensi fungu linalolipwa kwa miaka sita, lenye thamani ya takriban dola milioni 2 kwa jumla. Timu inayocheza mechi tatu kila Machi inaleta mafungu matatu kila mwaka, na yanarundikana. Hivyo ndivyo Gonzaga, yenye ukumbi wa watu 6,000, ilivyoingia mlango ambao vyuo vyenye viwanja vya futiboli vilibaki vikiuangalia.

## Hatua ya 8: Hesabu kura

Mwaka 2023 ACC, yenye wapiga kura 15, ilihitaji 12 ili kuwaingiza Stanford, California na SMU. Majuma kadhaa walikwama kwa kura moja. Zilipofika 12, Florida State, Clemson na North Carolina walikuwa bado wanapinga. Andika majina ya wanaoweza kupinga na sababu zao. Mara nyingi ni jirani asiyetaka mshindani wa wachezaji kwenye jimbo lake.

Tazama na siasa za nje. UCLA ilipoondoka, bodi inayosimamia vyuo vya mfumo wa University of California iliiagiza ilipe chuo ndugu, California ya Berkeley, dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka kadhaa.

## Hatua ya 9: Pitisha mgombea mmoja kwenye jedwali

Chukua Texas State kama ilivyokuwa Juni 2025. Pengo: moja, la lazima. Futiboli: ipo. Ada: milioni 5, inapanda usiku wa manane. Eneo: kati ya Austin na San Antonio, jimbo lenye wachezaji wengi kuliko karibu jimbo lolote. Watazamaji: wachache. Safari: mbaya. Mgawo: unafeli ukiwa peke yake, unafaulu ukipimwa dhidi ya kubaki na vyuo 7.

Sasa mpitishe Memphis kwa jedwali hilohilo, kama ilivyokuwa Septemba 2024. Kikapu kizuri, mji wake mwenyewe, futiboli inayoshinda. Memphis, Tulane, South Florida na UTSA zilitazama fedha zilizowekwa mezani, zikatazama ada ya kutoka konferensi ya American, zikatangaza kubaki. Jedwali lililofanywa vizuri lingekuonyesha hivyo mapema: safu ya ada ingezidi safu ya ongezeko kwa miaka kadhaa ya mwanzo, na Pac-12 ilikuwa bado haina mkataba wa televisheni wa kuwaonyesha.

Kwa hiyo ongeza safu moja ya mwisho upande wa kulia, na uijaze ukiwa umekaa kwenye kiti cha mgombea: "Mimi nikiwa mkuu wa chuo hiki, ningesaini?" Anayejibiwa "hapana" mpeleke chini ya orodha, hata kama nyie wote mnampenda.